Kuwatembelea Ndugu kwa RV, Minneapolis hadi Boise: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka shule zikikaribia kufungwa, simu zinaanza. "Hivi lile gari la kulala, RV, mlilikodi vipi? Choo chake kinakuwaje? Na kwa shemeji mliegesha wapi?" Majibu tumeyaweka hapa. Yanahusu zaidi njia tunayoijua sisi wa Minnesota: barabara ya I-90 kuelekea magharibi, kupitia Sioux Falls, Badlands, Rapid City na Yellowstone, kisha kushuka Idaho hadi Twin Falls na Boise, kwenye ndugu wengi waliotoka Kongo, baadhi wakipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma. Ukiwa Dallas au Columbus njia itakuwa nyingine, lakini mambo ya gari na ya ugeni ni yale yale.

Kwa nini RV? Gari la kawaida na hoteli havitoshi?

Vinatosha, na kama lengo lako ni mandhari tu, chukua gari dogo na ulale hotelini. Mara nyingi utatumia pesa kidogo na hutashika mpira wa choo hata siku moja.

RV inaleta maana pale unapokwenda kuona watu. Ndugu zetu wengi wanaishi kwenye nyumba za vyumba viwili au vitatu. Familia ya watu sita ikibisha hodi, mwenyeji atawahamishia watoto wake sebuleni, atakuachia kitanda chake, na huku ana shifti ya saa kumi na moja alfajiri kwenye kiwanda cha nyama. Hatalalamika, ila utamwona anavyosinzia kwenye chai. Ukikimbilia hoteli mji huo huo, kuna wazee watakaohesabu umewakataa. RV inakata mzizi wa fitina: umelala kwake, uani kwake, umekula mezani kwake, na hakuna mtu uliyemtoa kitandani.

Tuchukue RV ya aina gani?

Kampuni na watu binafsi wanaokodisha wanazigawa kwa herufi. Class A ni lile kubwa lenye umbo la basi. Class B ni kama Hiace iliyowekwa kitanda na jiko, nzuri kwa watu wawili. Class C ina kichwa cha lori dogo na kitanda juu ya dereva. Hii ndiyo ya familia zetu, urefu wa futi 25 hadi 30. Kuna na trela za kukokota, lakini kama hujawahi kurudisha trela nyuma, usijifunzie kwenye barabara ya mtaani kwa mwenyeji wako usiku.

Ukiona tangazo limeandikwa "inalaza watu saba", uliza kwanza ina mikanda mingapi. Vitanda na mikanda ni hesabu mbili tofauti.

Leseni maalumu inahitajika?

Kwa RV za kukodi karibu zote, hapana. Leseni ya kawaida ya jimbo lako inatosha mradi gari halizidi uzito wa pauni 26,000, na Class C ziko chini ya hapo kwa mbali. Wakodishaji wengi wanataka dereva mwenye umri wa miaka 21 au 25 kwenda juu. La muhimu zaidi ni bima: bima ya gari lako la kila siku mara nyingi haifuniki RV ya kukodi. Mpigie wakala wako uulize kabla ya kusaini, maana ukishafika dirishani watakuuzia chochote.

Gharama zinajificha wapi?

Kwenye maili, kwenye genereta na kwenye usafi. Bei ya usiku mmoja ndiyo inayotangazwa, kisha inafuata malipo ya kila maili inayozidi kiwango, saa za genereta, vyombo na matandiko, na faini ya kurudisha tangi la choo likiwa halijamwagwa.

Mafuta unaweza kuyapiga hesabu mwenyewe. Class C inakwenda maili 8 hadi 12 kwa galoni. Chukua maili 3,000 za kwenda na kurudi na mzunguko wa hapa na pale, ugawe kwa 9: ni galoni 333, zaidi ya lita 1,250. Zidisha kwa bei ya pampu ya wiki hiyo ndipo uwaambie ndugu mnaochanga. Familia mbili zikigawana RV moja mzigo unapungua, ila chagueni familia mnayoweza kukaa nayo kwenye futi 25 mvua ikinyesha kutwa.

Tupangeje siku?

Anzeni na ratiba za kazi za wenyeji, ramani ifuate. Wengi wetu tunapanga kinyume: tunaweka nafasi Yellowstone Jumamosi, halafu tunamfikia rafiki Jumanne wakati yupo kazini, watoto wake wapo na jirani, na yeye akirudi saa sita usiku anakuta wageni wamelala. Huko si kutembeleana.

Geuza. Wikiendi iwe ya watu. Katikati ya wiki iwe ya hifadhi na barabara. Hifadhi zenyewe Jumanne na Jumatano zina nafuu, maegesho ya RV yanapatikana, na viwanja vya kambi havijajaa. Piga simu wiki kadhaa kabla, uliza wazi: "Shemeji, wiki hiyo una ofu lini?" Sehemu nyingi za Yellowstone simu haishiki, kwa hiyo mwambie mwenyeji wa mbele siku ya kufika kabla hujaingia hifadhini.

Halafu kuna saa. Ukiwa South Dakota, katikati ya jimbo, saa inarudi nyuma kwa saa moja, na itabaki hivyo hadi Boise. Mkisema mnafika saa kumi na mbili jioni, semeni kwa saa ya nani, maana kuna mtu atakuwa anapika.

Tunaweza kuegesha na kulala nje ya nyumba ya mwenyeji?

Mara nyingi ndiyo, lakini anayeruhusu si mwenyeji peke yake. Muulize mambo haya kabla ya kuwasha gari.

Kwanza, nyumba ni yake au ni ya kupanga? Kwenye majengo ya apatimenti, meneja ndiye mwenye sauti, na RV kwenye nafasi ya mpangaji mwingine inavutwa na kireka bila salamu. Kwenye mitaa yenye chama cha wenye nyumba, sheria zao zinaweza kukataza RV hata kwa usiku mmoja, na barua ya faini inamjia mwenyeji wakati wewe umeshafika Wyoming. Miji mingi pia ina saa za mwisho za kuegesha gari kubwa barabarani. Kama jibu ni hapana, tafuta uwanja wa kambi ulio karibu na nyumbani kwake, ulale huko na ushinde kwake. Boise na Sioux Falls zote zina viwanja vya RV ndani ya mji au pembeni yake.

Pili, mwombe akutumie picha ya mahali penyewe, si maelezo. Mtu akikwambia "nafasi ipo kubwa tu", anafikiria Toyota yake. Unataka kuona tawi la mti, waya wa simu, mteremko na kona ya kuingilia. Class C ina kimo cha futi 11 hadi 12, yaani mita tatu na nusu hivi, na kiyoyozi kiko juu kabisa. Tawi lililopita salama juu ya gari la mwenyeji litakikwangua. Sehemu iwe bapa pia: friji nyingi za RV zinazotumia gesi hazipozi vizuri gari likiinama, na usiku watoto watabiringika upande mmoja.

Tatu, umeme. RV ya Class C kawaida inachomekwa kwenye ampea 30, ambayo kwa volti 120 ni wati 3,600. Soketi ya ukutani kwa mwenyeji ni ampea 15, wati 1,800, na huenda soketi hiyo hiyo inalisha friza yake ya gereji. Kwa adapta utachaji betri, utawasha taa na friji. Usiwashe kiyoyozi, na usiwashe mikrowevu wakati dada anapasha mafuta kwenye kikaango cha umeme upande wa pili wa ukuta. Tumia ekstensheni nene ya nje. Ile nyembamba ya rangi nyeupe ya kuchomekea taa za Krismasi inapata moto. Baada ya nusu saa iguse kwa mkono. Ikiwa ya moto, chomoa.

Nne, usimwage maji ya sinki barabarani au kwenye mtaro wa mvua, hata kama ni ya kuoshea vikombe tu. Ni kosa kisheria kwenye miji mingi, na jirani anayechungulia dirishani hatalala kabla ya kupiga simu. Fika kwa mwenyeji matangi ya maji machafu yakiwa matupu.

Mwenyeji anakataa tulale kwenye gari. Tufanyeje?

Hili litakukuta, hasa kwa wazee. Nyumba moja Boise, mama mwenye nyumba alitoka na kitenge begani, akalizunguka gari lote, akapanda ngazi, akafungua kabati, akabonyeza godoro. Akashuka akasema: "Mukubwa alale humu, sawa. Lakini batoto balale mu nyumba." Na watoto walilala ndani, kwenye mkeka mmoja na wajukuu zake, wakacheka hadi usiku wa manane. Tulishinda nusu, naye akashinda nusu.

Usibishane. Mwonyeshe gari mapema, kukiwa bado na mwanga, aone kitanda, choo na jiko kwa macho yake. Anachoogopa ni majirani kusema mgeni wake amelala nje. Asubuhi ingia ndani kwa chai hata kama umeshakunywa yako. Ukikaa na kupika kwenye RV yako wakati yeye yuko jikoni, hapo ndipo utamkwaza kweli.

Tukae siku ngapi?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kuwa na kitanda chako hakuifuti methali hiyo. Maji ni yake, umeme ni wake, na anaamka mapema kwa ajili yako. Ingieni Ijumaa jioni, mtoke Jumapili baada ya kanisa au baada ya chakula cha mchana. Mkikaa zaidi, siku ya tatu shikeni jembe kweli: osheni gari lake, mpelekeni mama hospitali, kateni majani. Baba mmoja Sioux Falls anawakumbuka wageni wake kwa uzio waliomrekebishia kuliko kwa zawadi.

Tubebe zawadi gani?

Kitu ambacho mji wake hauna. Minneapolis tuna maduka ya Kisomali, Kikenya na Kiafrika Magharibi ya kila aina. Mji mdogo wa Idaho hauna. Unga wa sembe, majani ya chai ya kwetu, dagaa, mawese kwa Wakongo, viungo vya pilau na nyama ya halali iliyogandishwa vinapokelewa kwa vigelegele. Kuni msibebe kutoka jimbo moja kwenda jingine. Wadudu wanaoua miti wanasafiri humo, ndiyo maana kila kambi inauza za hapo hapo.

Tuone nini kati ya Sioux Falls na Black Hills?

Mwachie mwenyeji akuongoze kwanza. Ndugu aliyekaa Sioux Falls miaka kumi anaweza kuwa hajawahi kufika Falls Park kwa sababu ya shifti, na ujio wako ndio sababu yake ya kwenda. Ni mto Big Sioux unaoteremka kwenye mawe ya rangi ya waridi, katikati ya mji, bila kiingilio. Nendeni jioni na kikapu cha sambusa. Mawe yanateleza, shikeni watoto. Kama mna nusu siku ya ziada, rudini kidogo Minnesota muone Pipestone, machimbo ya jiwe jekundu ambako Wenyeji wa Asili wa Marekani wanachimba kwa mkono hadi leo kutengeneza viko vya ibada.

Mitchell kuna jengo linaloitwa Corn Palace, historia yake inaanzia 1892, na kuta zake za nje zimepambwa kwa picha zilizoundwa na magunzi ya mahindi ya rangi mbalimbali. Kwa mtu aliyekulia Iringa au Kitale, kuona mahindi yamepigiliwa misumari ukutani na watu wanapiga picha ni kichekesho cha siku nzima. Simameni dakika arobaini, mwendelee. Chamberlain, penye kituo cha kupumzikia juu ya mto Missouri, kuna sanamu ya chuma ya mwanamke wa Kilakota, mmoja wa Wenyeji wa Asili, aliyetandaza shuka la nyota, futi 50 kwenda juu, imesimama tangu 2016. Inaitwa Dignity. Hapo pana maegesho ya magari marefu, choo na upepo mzuri. Ni mahali pa kula mchana.

Kisha mabango ya Wall Drug yanaanza, moja baada ya jingine kwa mamia ya maili. Ni duka la dawa lililonunuliwa 1931, wakati wa dhiki, likapata wateja kwa kutangaza maji baridi ya bure kwa wasafiri. Maji bado ni ya bure, na kahawa senti tano.

Badlands ndiyo ningeipa siku nzima. Ardhi imechongwa na maji, mistari ya udongo mwekundu na wa kijivu, na barabara ya kuzunguka inapitika kwa RV bila shida. Nyati wa Marekani, kondoo mwitu wenye pembe za kujikunja, na wanyama jamii ya kuchakulo wanaosimama mlangoni kwa mashimo yao wakipiga kelele. Nendeni alfajiri au jioni. Saa saba mchana, Julai, ni tanuri tu.

Mount Rushmore inafaa kweli?

Inafaa kwa saa mbili. Vichwa vinne vya marais, kila kimoja futi 60, vilichongwa kati ya 1927 na 1941. Kiingilio hakuna, mnalipia maegesho. Waonyesheni watoto yule wa tatu mwenye masharubu, Theodore Roosevelt: alishuka Mombasa Aprili 1909, akapanda reli ya Uganda kwenda bara kuwinda.

Na waambieni hadithi nzima. Milima hii ya Black Hills Walakota waliahidiwa kwa mkataba wa Fort Laramie wa 1868, kisha dhahabu ikaonekana, ahadi ikavunjwa. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba walinyang'anywa na kwamba walipwe fidia. Walakota wamekataa pesa, wanataka ardhi. Watoto wa mkimbizi wanaelewa jambo hili haraka kuliko unavyodhani. Karibu na hapo kuna mlima unaochongwa sura ya Crazy Horse, kiongozi wa Walakota, tangu 1948, bado haujakamilika.

Tahadhari moja: Needles Highway na Iron Mountain Road, njia zinazosifiwa sana kwenye picha, zina mahandaki membamba. Lile la Needles Eye lina upana wa futi 8 hivi, na RV yako ni pana kuliko hilo. Mwenyeji wa Rapid City akiwa na gari dogo, pandeni lake.

Milima na upepo: RV inamudu?

Inamudu ukiwa na subira. South Dakota na Wyoming kibao kinaruhusu maili 80 kwa saa. Wewe nenda 62 hadi 65, kaa kulia, waache wapite. Upepo wa ubavuni kwenye nyanda hizi unausukuma mwili wa RV hadi usukani unaushika kwa mikono miwili. Tahadhari ya upepo ikitolewa, simama unywe chai.

Ukivuka milima ya Bighorn kuelekea Yellowstone, tumia barabara ya US 16 kutoka Buffalo. Ile ya US 14A ina miteremko ya asilimia 10 na si ya kujifunzia. Kwenye kushuka shusha gia, injini ikubebe. Ukikanyaga breki mfululizo zitanuka kisha zitagoma. Kabla ya kuondoka kila asubuhi pima upepo wa matairi yakiwa baridi.

Yellowstone ina nini cha kujua kabla?

Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1872, ya kwanza duniani, na barabara zake nyingi hufungwa kwa magari ya kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili. Nafasi za kulala ndani ziwekwe miezi mingi kabla. Uwanja pekee wa ndani wenye maji, umeme na bomba la taka kwa kila gari ni Fishing Bridge, na hapo mahema hayaruhusiwi kwa sababu ya dubu. Old Faithful inarusha maji ya moto kila baada ya dakika 90 hivi, na muda unaokadiriwa hubandikwa hapo hapo, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbizana.

Nyati kaa naye mbali yadi 25, dubu na mbwa mwitu yadi 100. Nyati anaonekana mpole kama ng'ombe wa jirani. Kila mwaka kuna mtu anarushwa hewani kwa kumsogelea apige selfi.

Sasa dagaa. Hapa msiwakaange nje, na msiache sufuria, mwiko wala pipa la taka nje ya gari hata kwa dakika tano. Dubu ananusa kutoka mbali sana, na askari wa hifadhi watakupiga faini kabla dubu hajafika. Wawekeni kwenye mfuko usiopitisha harufu, mkawakaange Boise.

Kiingilio tunalipaje? Na bibi aliyekuja kutoka Tanga?

Badlands dola 30 kwa gari, Devils Tower (mwamba mrefu kama mnara kule Wyoming) 25, Yellowstone 35. Jumla 90. Pasi ya mwaka ya kuingia hifadhi zote za taifa, kwa mkazi wa Marekani, ni dola 80, kwa hiyo jibu lipo wazi. Tangu 1 Januari 2026 wasio wakazi wana bei yao: pasi ya mwaka dola 250, na asiye nayo anaongezewa dola 100 kwa kila mtu wa miaka 16 kwenda juu kwenye hifadhi 11, Yellowstone ikiwemo. Kama bibi amekuja kwa viza ya matembezi, someni tovuti ya hifadhi kabla ya kufika getini na pasipoti yake muwe nayo. Badlands, Devils Tower na Mount Rushmore hazimo kwenye orodha hiyo ya 11.

Idaho kuna cha kuona, au ni kusalimia tu?

Kipo. Twin Falls kuna maporomoko ya Shoshone, futi 212, marefu kuliko Niagara. Yaoneni Aprili hadi Juni. Kiangazi kikikolea maji yanachepushwa kwenda mashambani na mwamba unabaki mkavu. Teremko la kwenda huko ni kali, acheni RV kwa mwenyeji. Jioni simameni kwenye daraja la Perrine, mita 148 juu ya mto Snake, mtazame watu wazima wakijirusha na parachuti kwa hiari yao. Bibi atauliza wamelipwa shilingi ngapi.

Boise, siku ya joto, mji mzima unaelea kwenye maboya juu ya Boise River, kutoka Barber Park hadi Ann Morrison Park. Watoto wa mwenyeji wataijua shughuli yote. Jaketi la kuokolea ni la lazima kwa wadogo. Maji ni baridi kuliko yanavyoonekana. Jumamosi asubuhi pitieni soko la wakulima: wapo wakimbizi wanaolima na kuuza mboga zao, na kama una bahati utakutana na lengalenga mbichi.

Choo kinakuwaje? Semeni ukweli.

Ukweli ni kwamba mtu mmoja mtu mzima ateuliwe, alipwe heshima yake, na wengine wasimcheke.

Kuna matangi matatu: maji safi, maji ya sinki na bafu, na la choo. Unafika kituo cha kumwagia, vipo kwenye kambi na kwenye vituo vingi vya mafuta vya malori. Vaa glavu. Unganisha mpira mnene kwenye gari kwanza, kisha kwenye shimo, hakikisha umeshika. Fungua valvu ya choo, subiri hadi mlio uishe kabisa. Funga. Ndipo ufungue ya maji ya sinki, yenye sabuni, yausafishe mpira. Funga, suuza, nawa. Ni dakika kumi na tano. Mpira wa kujazia maji ya kunywa uwe mwingine, wa rangi nyingine, na ukae kabati jingine.

Mkiwa kambini na bomba limeunganishwa, valvu ya choo ibaki imefungwa hadi tangi lijae theluthi mbili. Ukiiacha wazi maji yanaondoka na kigumu kinabaki, na hakuna anayetaka kuhadithiwa kinachofuata. Na jambo ambalo kijitabu cha mkodishaji hakisemi: sisi tunaotumia kopo la maji tunajaza tangi haraka. Familia ya watu watano, panga kumwaga kila siku mbili.

Na kuoga?

Tangi la maji safi la Class C linabeba lita 150 hivi, na kwa bomba wazi watu watatu wanalimaliza. Hapa waliokulia ndoo na kata wana ubingwa wao. Pasha sufuria moja, changanya, oga. Watoto waliozaliwa Marekani watanung'unika usiku wa kwanza.

Tutapikaje ugali humo ndani?

Jiko ni la gesi, mafiga mawili au matatu madogo, sufuria moja ya ugali inayaziba yote. Fungua tundu la hewa la juu na uwashe feni yake, la sivyo king'ora cha moshi kitalia. Pilau na maharage pika nyumbani, gandisha kwenye vyombo bapa. Na kabla gari halijaondoka, funga kila kabati. Chupa ya mafuta ikidondoka kwenye kona ya kwanza, sakafu hiyo utaisugua hadi Montana.

Kuswali njiani?

Kibla kutoka Minneapolis ni kaskazini-mashariki, na kadiri mnavyokaribia Boise kinasogea zaidi kaskazini. Nafasi kati ya meza na jiko inatosha mtu mmoja mmoja. Vituo vya kupumzikia vina nyasi safi na nafasi ya jamaa wote. Nyama ya halali nunueni Minneapolis, baada ya Sioux Falls itawapa tabu.

Tunaweza kulala bure?

Baadhi ya Walmart wanaruhusu usiku mmoja, ila kila meneja ana amri yake, ingia uulize. Karibu na Wall kuna nyika ya serikali, Buffalo Gap, ambako mnaweza kulala bila malipo, bila maji, bila umeme, na nyota zimejaa. Hiyo iwe usiku wa katikati ya wiki, tangi la maji safi likiwa limejazwa na yale ya maji machafu yamemwagwa siku hiyo.

Mwenyeji na watoto wake wanataka kuungana nasi hadi hifadhini. Tuwapakie?

Hesabu mikanda. Kila mtu awe kwenye kiti chenye mkanda, hakuna wa kulala kitandani gari likitembea, na kiti cha mtoto kifungwe kwenye kiti kinachotazama mbele, si kwenye benchi la ubavuni. Mkataba wa kukodi pia unataja madereva kwa majina, kwa hiyo shemeji hata akiwa dereva wa malori wa miaka ishirini, hashiki usukani kama hamkumwandikisha. Mkizidi mikanda, wao waje na gari lao nyuma yenu. Gari dogo mtalihitaji tu mkifika, kwa zile barabara ambazo RV haipiti.